Deni la Sanduku Dogo

Nilipokabidhiwa spika mbili za marehemu baba mdogo, baada ya arobaini yake, nilidhani nimerithi vyombo vya muziki tu. Haikunipitia akilini kwamba nimerithi na deni, na kwamba deni lenyewe lilikuwa na umri kuzidi wangu.

Ni masanduku mawili ya mbao, kila moja lina urefu wa sentimita kama 64, upana 36 na kina 29, na uzito wa kumfanya mtu mzima aliinue kwa hadhari. Nyuma yameandikwa AR-3. Baba mdogo alizinunua Boston, alikokuwa akisoma katika miaka ya 1960, akazileta kwa meli hadi Dar es Salaam. Amplifaya aliyokuwa akiitumia huko aliiacha. Watu walimcheka: nani anayebeba spika akaacha mtambo? Jibu lake lilikuwa fupi. Umeme wa Marekani ni wa volti kama 120, wetu ni wa volti 230. Amplifaya ya kule ukiichomeka hapa bila transfoma inaungua. Lakini spika haina habari na umeme wa ukutani. Inajua kile tu inacholetewa na amplifaya.

Maneno hayo niliyasikia utotoni na kuyasahau. Laiti ningeyakumbuka.

Nyumbani kwangu nilikuwa na risiva ndogo ya wati 20 kila upande. Nikaunganisha waya, nikafurahi. Jumamosi moja ndugu walikusanyika, na mama mdogo akaomba santuri ya Franco ambayo mumewe alikuwa akiipiga kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Sauti ilitoka ndogo, kama inayotoka chumba cha pili. Nikaongeza. Watu wakaongea, nikaongeza tena. Magita yalipochanganya na watu kuanza kuinuka, kitufe kilikuwa karibu na mwisho, na sauti ilikuwa na ukali kama wa bati linalokwaruzwa. Kisha upande wa kushoto ukafifia: besi ipo, mwimbaji yupo, lakini ile nyembamba ya matoazi na kucha za mpiga gita haipo. Mama mdogo aliitambua kabla yangu. Hakusema neno, aliinama tu na kuanza kukusanya vikombe.

Fundi niliyempelekea aliifungua spika, akapima, akaniambia kuwa koili ya twita imekatika. Nilimwambia haiwezekani, mtambo wangu ni mdogo mno kuweza kuunguza spika kubwa namna ile. Akatabasamu. "Hukuiunguza kwa shibe, bwana. Umeiunguza kwa njaa."

Kauli hiyo haikuniacha nilale. Ndiyo iliyonisukuma kutafuta historia ya masanduku haya, na nilichokikuta ni kwamba huwezi kumchagulia spika ya zamani amplifaya kama humjui aliyeitengeneza na shida aliyotaka kuiondoa.

Hebu turudi nyuma kidogo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wati zilikuwa mali adimu. Amplifaya zilitumia valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani, na kila wati ililipiwa kwa joto, uzito na fedha. Kwa hiyo wajenzi wa spika walibanwa wapate sauti kubwa kutoka kwa nguvu ndogo. Njia yao ilikuwa ukubwa wa umbo. Paul Klipsch, mhandisi wa mji wa Hope, jimbo la Arkansas, alianza mwaka 1946 kuuza spika ya pembe iliyokunjwa ndani ya kabati kubwa, na kabati hilo liliwekwa katika kona ili kuta za chumba zenyewe ziendeleze pembe. Spika hupimwa kwa kuipa wati moja na kusikiliza ukiwa mita moja mbele yake. Ile ya Klipsch ilipita desibeli 100, kiwango ambacho mtu hawezi kukivumilia sebuleni kwa muda mrefu.

Kwa spika za jinsi hiyo amplifaya ya wati 10 au 15 ilikuwa tajiri. Mwaka 1947, Mwingereza D. T. N. Williamson alichapisha mchoro wa amplifaya ya valvu ya wati 15 uliosifiwa na mafundi wa dunia nzima, na mwaka 1953 ikatoka Quad II ya Peter Walker, nayo ya wati 15. Hakuna aliyelalamika kwamba ni kidogo. Wati zilitosha kwa sababu sanduku lilibeba mzigo mkubwa zaidi.

Lakini je, ni nani mwenye kona mbili tupu nyumbani kwake, na mke au mume atakayekubali makabati mawili makubwa kuliko la nguo? Swali hilo lilipata jibu mwaka 1954.

Edgar Villchur alikuwa akifundisha mambo ya sauti katika Chuo Kikuu cha New York. Aliona kwamba kila spika ina kitu cha kuurudisha utando wake mahali pake baada ya kusukumwa, na kwamba wakati huo kazi hiyo ilifanywa na kingo ngumu za utando wenyewe. Kingo hizo hazikuvuta kwa usawa, na hapo ndipo besi ilipochafuka. Akawaza: kwa nini hewa isifanye kazi hiyo? Mtu yeyote aliyewahi kuziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole na kusukuma mpini anajua kuwa hewa iliyofungiwa ni springi nzuri. Villchur akalegeza kingo za utando, akafunga sanduku pande zote lisipitishe hewa, akaiacha hewa ya ndani ivute na kusukuma. Matokeo yake yalishangaza: besi ya chini na safi, kutoka kwa sanduku la kuweka juu ya rafu ya vitabu.

Yeye na Henry Kloss, aliyekuwa mwanafunzi wake, wakaanzisha Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts, ng'ambo ya mto kutoka Boston. Spika yao ya kwanza, AR-1, ilionyeshwa New York mwaka huohuo wa 1954. AR-3, ile iliyofika kwetu kwa meli, ilitoka mwaka 1958, na mwaka huo haukuwa wa bahati tu. Ndio mwaka ambao santuri za stirio zilianza kuuzwa kwa wingi. Hapo awali nyumba ilihitaji spika moja. Ghafla ikahitaji mbili. Mwenye kabati la kona alitakiwa kutafuta kona ya pili. Mwenye sanduku dogo alinunua la pili akaliweka upande wa pili wa rafu.

Basi deni liko wapi? Liko hapa. Maumbile hayatoi kitu bure. J. Anton Hofmann, ambaye jina lake ni herufi ya mwisho katika kampuni ya KLH aliyoshirikiana na Kloss, anakumbukwa kwa kanuni ambayo wajenzi wa spika wanaiita ya chuma. Inasema kuna vitu vitatu: besi inayoshuka chini, sanduku dogo, na sauti kubwa kwa nguvu ndogo. Chagua viwili, cha tatu utakilipia. Na malipo ni mazito. Ukitaka besi ishuke oktavo moja zaidi katika sanduku lilelile, ufanisi wa spika unapungua mara 8.

Villchur alichagua besi na udogo. Cha tatu alikitupa kwa amplifaya. Tofauti kati ya pembe ya Klipsch na AR-3, kwa wati moja ileile, si chini ya desibeli 15, maana yake ni kwamba sanduku dogo linadai wati kama 30 pale kabati linaporidhika na moja. Isitoshe, ukinzani wake ni omu 4, nusu ya omu 8 zilizozoeleka baadaye. Kwa volti zilezile, spika ya omu 4 hunywa mkondo wa umeme mara mbili. Kampuni yenyewe haikuficha: ilishauri amplifaya ya wati 25 kwenda juu kila upande, katika zama ambazo wati 15 zilikuwa heshima.

Wenye amplifaya hizo walikuwepo. Mwaka 1959 kampuni ya Dynaco, ambamo David Hafler alikuwa kiongozi, ilitoa Stereo 70, amplifaya ya valvu ya wati 35 kila upande. Iliuzwa pia ikiwa vipande vipande ili mnunuzi ailehemu mwenyewe mezani na kuokoa fedha. Ilikuwa na transfoma za kutolea sauti zenye sehemu za kuunganishia spika za omu 4, 8 na 16, kwa hiyo valvu hazikusumbuliwa na ukinzani mdogo. AR na Dynaco walizunguka pamoja na kundi la wapiga fidla liitwalo Fine Arts Quartet. Wanamuziki walipiga mbele ya hadhira, kisha katikati ya kipande wakaacha kugusa nyuzi huku mikono ikiendelea kwenda, na spika zikapokea kutoka kwenye mkanda uliorekodiwa. Wengi katika hadhira hawakutambua mpokezano ulipotokea. Nikisoma habari hiyo huwa najiuliza ingekuwaje kama wangeleta risiva yangu.

Naam, hapa ndipo nilipoelewa maneno ya fundi. Muziki hauendi kwa usawa. Kwa muda mwingi sebuleni tunatumia wati moja, pengine mbili. Lakini ngoma inapopigwa, kwa sehemu ndogo ya sekunde, inataka mara 10 au 20 ya hapo. Amplifaya isiyo nazo haisemi sina. Inakata vilele vya wimbi, kama mtu anayesawazisha milima kwa panga. Wimbi lililokatwa kilele huzaa sauti nyembamba ambazo hazikuwepo katika muziki, na jinsi unavyozidi kuzungusha kitufe ukitafuta ukubwa, ndivyo nguvu ya wastani inavyozidi kupanda wakati vilele vimekwama palepale. Mtambo wa wati 20 uliobanwa kabisa unaweza kutoa karibu mara mbili ya hizo. Fungu kubwa la nyongeza hiyo huishia kwa twita, yenye koili ya waya mwembamba kama unywele. Ule ukali wa bati niliousikia ulikuwa kilio chake. Niliuchukua kuwa ni utamu wa muziki.

Tuendelee na historia, maana uamuzi wangu ulitoka humo. Transista iligunduliwa katika maabara za Bell mwaka 1947, na katika miaka ya 1960 ikaingia kwenye amplifaya za nyumbani. Ilileta wati nyingi kwa bei ndogo na bila joto la valvu. Lakini ilikuja bila ile transfoma ya kutolea sauti. Sasa mtambo ulikabiliana uso kwa uso na ukinzani wa spika. Omu 4 zilizomezwa kimya na Dynaco zikawa mtihani kwa transista za mwanzo, ambazo nyingine ziliungua kabla hata fyuzi haijakatika. Mwaka 1967 AR wenyewe walitoa amplifaya ya transista ya wati 50 kila upande kwa omu 8 na wati 60 kwa omu 4. Kwangu mimi hilo ni kama mdaiwa kujitokeza kulipa.

Kisha wati zikawa silaha ya wauzaji. Matangazo yalitaja nguvu za kilele, nguvu za papo hapo, nguvu za muziki, kila mtu na kipimo chake, na mtambo uleule ungeweza kuitwa wa wati 30 au wa wati 100. Mwaka 1974 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ikaweka kanuni: anayetangaza wati ataje nguvu inayotolewa mfululizo, kwa omu ngapi, kuanzia mawimbi gani hadi gani, na kwa uchafu wa sauti kiasi gani. Mtambo ulitakiwa kwanza uchemshwe kwa theluthi moja ya nguvu yake kwa saa nzima. Wajenzi wakalazimika kuweka transfoma nene na mapezi makubwa ya kupoozea. Ndiyo maana risiva nyingi za nusu ya pili ya miaka ya 1970, hasa za Kijapani, ni nzito kama mawe ya msingi. Mashindano yalifika kileleni mwaka 1978, Pioneer ilipotoa SX-1980 ya wati 270 kila upande, yenye uzito unaozidi kilo 30.

Nisije nikamfanya msomaji aamini kwamba dawa ya kila spika kuukuu ni wati nyingi. Spika ya Quad iliyotoka mwaka 1957, isiyo na koili wala sanduku bali utando mwembamba unaovutwa na umeme tuli, ilizaliwa kuwa mwenzi wa ile Quad II ya wati 15. Ukiipa mtambo wenye nguvu nyingi na ukajisahau, cheche hupiga ndani na utando hutoboka. Ile LS3/5A iliyobuniwa na BBC katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya kurekodia, nayo ni ndogo na nzito wa kusikia, lakini ukinzani wake wa mwanzo ulikuwa omu 15, kwa hiyo haidai mkondo mwingi na inapatana vizuri na valvu. Na mwenye bahati ya kuwa na pembe ya Klipsch akiinunulia mtambo wa wati 200, kitakachokuzwa zaidi ni mvumo wa mtambo wenyewe wakati muziki umenyamaza. Kila moja ina deni lake, na nyingine haina deni kabisa.

Nilipojua hayo, niliandika maswali manne kwenye karatasi na kwenda nayo kwa wauzaji. Mtambo una wati ngapi za mfululizo? Nyuma yake pameandikwa unakubali omu 4, au pameandikwa 8 tu? Unatumia volti 230, au una swichi ya kuchagua? Risiva nyingi zilizotengenezwa kuuzwa nchi mbalimbali zina swichi hiyo mgongoni, ilhali za soko la Marekani zina volti 120 peke yake, na picha ya tangazo haikuonyeshi tofauti. Swali la nne ni la umri: nani ameufungua mara ya mwisho? Kapasita za kuhifadhia umeme hukauka baada ya miongo kadhaa, na mtambo wa mwaka 1976 ambao haujaguswa si wa wati zilezile ulizosoma katika kijitabu chake. Mbaya zaidi, transista za mwisho zikishikana, mtambo usio na kinga humwaga umeme mnyoofu moja kwa moja kwenye koili ya wufa.

Nilivutiwa na valvu, sikatai. Zinapendeza usiku taa ikizimwa. Lakini valvu mpya ni ghali, na umeme wa mtaani kwetu hupanda na kushuka bila kupiga hodi. Nilitazama pia mitambo mipya ya leo, midogo kama kitabu na yenye wati za kutosha, na nakiri kwamba kwa mtu asiyetaka usumbufu hilo ni jibu la heshima, mradi maandishi yake yataje omu 4. Mwisho nilichukua risiva ya Kijapani ya miaka ya 1970, wati 60 kila upande, yenye swichi ya volti na inayokubali omu 4. Fundi aliibadilisha kapasita, akasafisha vitufe, akaipima siku mbili kwa spika za bei rahisi kabla ya kuiruhusu iguse zangu. Twita ya kubadilisha ilichukua miezi saba kupatikana, kwa mtu wa ng'ambo aliyekuwa na jozi iliyovunjika. Ilinigharimu karibu sawa na mtambo wenyewe. Sikulalamika, niliona ni faini.

Jumapili moja nilimwalika mama mdogo peke yake. Baada ya chakula niliweka santuri ileile. Kitufe hakikufika hata robo ya mzunguko, lakini besi ilisimama chumbani kama mtu, na matoazi yalikuwepo pande zote mbili. Furaha ikanipanda kichwani nikanyoosha mkono niongeze, nimwonyeshe mtambo mpya unavyoweza.

"Acha, mwanangu," aliniambia. "Baba yako mdogo hakuwa akipiga kwa kelele."

Nikaurudisha mkono. Aliegemea kiti, akafumba macho, na mpaka upande wa kwanza wa santuri ulipokwisha hakuna aliyekusanya vikombe.